Mwiko wa Waruguru

Kitengela ni mji wa mahema. Mtu akijenga, hema. Akioa, hema. Akifa, au akirudi salama kutoka Qatar, mahema meupe yanasimamishwa, viti vya plastiki vinapangwa, na baada ya maombi na hotuba za watu wasiojua kufupisha, macho yote yanageukia upande mmoja, kule moshi unakotokea. Kwa miaka mingi, kule moshi unakotokea alikuwa Waruguru. Watu waliuliza kwanza nani anapika, ndipo wakauliza nani anaoa.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara na mikono isiyoogopa moto. Kuonja kwake kulijulikana. Hakutumia kijiko. Alichota mchuzi kwa mwiko, akadondosha tone kwenye kiganja cha kushoto, akalilamba huku amefumba jicho moja. Jicho likifunguka upesi, kuna kitu kimepungua. Likikawia, chakula kimefika, na wasaidizi waliokuwa wakilitazama hilo jicho wanaruhusiwa kupumua. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba chakula chake kimezidi hiki au kimekosa kile. Msichana mmoja wa kuosha vyombo alijaribu, akaulizwa kama alikuja kuosha ama kuhukumu. Tangu siku hiyo, jikoni kwa Waruguru watu walikuwa na jibu moja tu: iko sawa.

Kisha nyayo zake zikaanza kuwaka moto. Ilikuwa kama mtu amemwagia pilipili ndani ya soksi. Ikafuata kiu isiyokatika kwa maji, na siku moja akitunga uzi akaona sindano mbili. Hakuhitaji kuambiwa. Marehemu mumewe, Njogu, ugonjwa wa sukari ulimwanzia hapo hapo kwenye nyayo ukapanda mpaka machoni, na miaka yake ya mwisho alikuwa akiupapasa uso wa mkewe kwa vidole ili ajue kama amekasirika. Mara nyingi alikuwa amekasirika. Jambo hilo lilimuuma Waruguru hata sasa, na hofu iliyompata aliposhika ile sindano haikuwa ya kufa. Aliogopa kupapasa.

Kwenye kliniki ya mtaani alimkuta muuguzi anayeitwa Mbeke, mwanamke mtulivu asiyecheka kabla hajamaliza kazi. Alimpima, akatikisa kichwa, akamwuliza anakula nini kwa siku.

"Mimi hata sikuli, Sista," Waruguru alimwambia. "Asubuhi chai. Jioni kitu kidogo. Nikiwa kazini sina hata time ya kukumbuka chakula."

Alisema hivyo bila kudanganya. Kwake yeye kula kulikuwa ni kukaa chini mbele ya sahani. Kuonja ni kazi. Fundi wa mawe humeza vumbi kutwa nzima na hakuna anayesema amekula simenti. Mbeke hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba siku atakayopika tena, awe na mkebe mtupu kando yake, na kila atakapotia kitu mdomoni, kiasi kile kile akitie pia kwenye mkebe. Vya kuonja na vya kudokoa, vyote. Waruguru alicheka njia nzima mpaka nyumbani. Lakini alifanya.

Ilikuwa harusi ya kule Tuala. Tone la supu, tone kwenye mkebe. Ukingo wa chapati uliokatika, kipande kingine kama hicho kwenye mkebe. Nyama ya kupima kama imeiva, na nyingine ya kuhakikisha kwamba ile ya kwanza haikudanganya. Kijiko cha mukimo wa viazi na mahindi, ukoko wa pilau, mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi, ndizi iliyovunjika ambayo isingefaa kupelekwa kwa wageni, kikombe cha chai ya maziwa ambacho mtu alimletea na akakinywa bila kukitazama. Kabla bibi harusi hajafika, mkebe ulikuwa umejaa. Waruguru alikaa juu ya kreti ya soda akautazama. Haba na haba hujaza kibaba, tunawaimbia watoto ili waweke akiba, wala hatuwaambii kwamba msemo huo haujali kibaba chenyewe ni cha nini. Mbwa wa mwenye harusi alikuja, akanusa, akala vyote, akaenda kulala chini ya lori mpaka jioni, hakubweka hata wageni walipofika.

Mbeke alipompa ushauri, ulikuwa mwingi. Punguza hiki, acha kile, tembea, kunywa maji. Waruguru alisikiliza kwa heshima na kusahau karibu wote kabla ya kufika getini, kwa sababu yeye aliamini kwamba sheria nyingi huwekwa na watu wanaotafuta mwanya. Akajitungia moja. Nikisimama, mdomo umefungwa. Kiswahili nacho kina mzaha wake: mwiko ni ule wa kupikia, na mwiko ni lile jambo usilolifanya. Mama huyu aliyekuwa maarufu kwa mwiko wa kwanza alijiwekea sasa ule wa pili.

Na huo mmoja ukazaa mingine bila kuombwa. Kama ni lazima akae, basi ni lazima apakue, na akishapakua anaona amepakua kiasi gani. Akiwa amekaa hana la kufanya, aligundua kwamba mkono wake ulikuwa ukikata tonge la pili wakati la kwanza bado liko shavuni, kana kwamba kuna mtu anamfukuza. Akauambia mkono ungoje mdomo uwe mtupu. Simu akaiacha chumbani, maana wateja hupiga saa za kula, na mtu akizungumza habari za mahema na kilo za mchele hajui amemeza nini.

Siku ya kwanza alikaa mezani peke yake na maharagwe, sukuma wiki na kipande cha ugali kisichozidi ngumi. Alichoka kabla ya kufika nusu. Alitazama ukuta, akatazama kalenda ya chama cha akiba, akafikiri hii si kula, hii ni kifungo. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kushughulikia, akaanza kuyasikia yale maharagwe. Yalikuwa na utamu wa chini chini, kama wa udongo baada ya mvua, na ngozi iliyopasuka polepole kwenye jino. Hayo maharagwe alikuwa ameyapika maisha yake yote. Alijua chumvi yake, alijua yameiva au hayajaiva, lakini maharagwe yenyewe hakuwa amewahi kukutana nayo. Alijihurumia, machozi yakamlengalenga, akamaliza ugali wake ukiwa umepoa.

Nyayo zilianza kutulia. Kwenye kliniki Mbeke alitabasamu, na kwa Mbeke hilo lilikuwa jambo kubwa. Shida ikabaki moja, na ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote: mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Waruguru aliishi kwa jina lake. Jina likiharibika Kitengela, halitengenezwi na fundi yeyote. Ilibidi apate ulimi mwingine, na ulimi uliokuwa karibu ulikuwa wa Adero.

Adero alikuwa mke wa Muturi, mwanawe wa pekee. Alitoka upande wa Ugenya, Ujaluoni, akakutana na Muturi kazini Nairobi, wakaoana, na hoteli alikokuwa akipika ilipofungwa akaanza kumsaidia mama mkwe. Alikuwa mpishi hodari mwenye maneno machache. Mtoto wao wa kwanza alipewa jina la babu yake kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka, kwa hiyo Waruguru alimwita mkaza mwana wake Mama Njogu, naye Adero akamwita Mami. Waliheshimiana sana. Tatizo ni kwamba heshima nyingine ni ukuta wenye rangi nzuri.

Kazi za kwanza hazikuwa na neno. Waruguru alipima chumvi kwa mkono uliozoea, Adero akaonja, akaulizwa, akajibu, "Iko sawa, Mami." Wageni walikula na kushukuru. Waruguru akaanza kujiona mjanja: ameponya miguu, na jina liko pale pale.

Halafu ikaja siku ya Isinya. Bwana mmoja aitwaye Kitonga, mfugaji wa kuku, alikuwa amemaliza nyumba yake na kuita watu waje waibariki. Mambo yalianza vizuri. Nyama ilipochemka Waruguru akatia chumvi, na hapo hapo akasikia vijana wa mahema wamezirusha kuni zake kwenye matope. Akaenda kuwapa maneno yao, yakawa marefu. Aliporudi, mkono ukaenda wenyewe kwenye chumvi, ukachota, ukatia tena. Zamani ulimi ungeuzuia. Sasa ulimi ulikuwa likizo.

"Mama Njogu, onja. Iko sawa?"

Adero alionja. Alimeza kwanza.

"Iko sawa, Mami."

Wageni wa Isinya walikuwa na adabu. Walikula kidogo wakaanza kuangalia nyumba. Maji ya chupa yakaisha, watu wakaanza kuulizana yale ya tangi yanatoka wapi. Jirani wa Kitonga, bibi mzee wa Kimaasai ambaye kila mtu alimwita Koko, alitafuna, akaweka kijiko chini, akauliza kwa sauti ya upole, "Kitonga, hii ng'ombe ulinunua Magadi?" Watu, waliolijua lile ziwa la chumvi la Magadi, wakacheka kwa kuinamisha vichwa. Waruguru, aliyekuwa amesimama nyuma ya sufuria, alilisikia neno hilo. Akachota mchuzi kidogo kwenye bakuli, akatafuta kiti. Hata siku hiyo alikaa kwanza. Kijiko kimoja kilimtosha.

Kitonga hakulalamika. Aliwashukuru, akawasindikiza mpaka kwenye pikapu, na ukarimu huo ulimchoma Waruguru kuliko matusi. Njia yote hadi Kitengela sufuria tu ndizo zilizogongana kule nyuma.

Asubuhi walikuwa uani wakisugua masizi. Waruguru alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ameupanga vizuri, na mwanzo wake ulikuwa mkali. Alimwuliza Adero kama kweli alionja.

"Nilionja."

"Na ilikuwa sawa?"

Adero aliendelea kusugua. Kisha akaweka waya chini. "Ilikuwa na chumvi mingi sana, Mami. Ilikuwa hailiki."

"Sasa mbona uliniambia iko sawa?"

"Kwetu mke wa kijana hawezi ambia mama yake chakula yake ni mbaya. Hata ikiwa mbaya, unakula." Alitazama mikono yake. "Na hapa pia sijawahi ona mtu akikuambia. Wewe ukiuliza iko sawa, Mami, hiyo si swali. Hiyo ni kama kusema amina. Mtu anaitikia tu."

Ugomvi wote ambao Waruguru alikuwa ameupanga ulimpotea. Alitaka kusema kwamba hiyo si kweli, na akajua kwamba kweli tupu ndiyo hiyo. Alikumbuka uso wa yule msichana wa kuosha vyombo, ambaye hata jina lake hakulijua. Aliona aibu, akaichukua sufuria aliyokuwa akiisugua Adero na kuimalizia mwenyewe, maana hakujua njia nyingine ya kuomba msamaha.

Habari za Isinya zilifika Kitengela mapema. Watu wawili waliokuwa wamemwagiza apike kwenye sherehe zao walipiga simu wakasema mipango imebadilika. Kisha akaja Eunice, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, rafiki yake wa tangu walipokuwa wote wapangaji. Akina mama wa kaunti nzima walikuwa na mkutano wao Kajiado mjini, na kila mwaka Waruguru ndiye aliyepika. Eunice alikunywa chai, akazunguka maneno, mwishowe akasema kwamba kamati imetajiwa mpishi mwingine, kijana wa hoteli. Watu wanasema Waruguru siku hizi haonji.

"Ni kweli sionji," Waruguru alisema. "Nikionja naenda njia ya Njogu. Wewe uliona Njogu."

Eunice alikuwa amemwona. Aliweka kikombe chini.

"Nipe hiyo siku moja tu, Eunice. Ikiwa kama ya Isinya, mimi mwenyewe nitauza sufuria na sitapika mahali tena."

Eunice akakubali, ingawa uso wake ulisema anakubali kwa ajili ya urafiki. Alipoondoka, Waruguru alisimama mbele ya jiko lake ambapo mchuzi wa mchana ulikuwa ukitokota. Ingekuwa rahisi. Tone moja kwenye kiganja, nani angejua? Na siku ya Kajiado matone machache tu, kwa ajili ya jina, halafu arudi kwenye mwiko wake Jumatatu. Tone lilikuwa tayari limo kiganjani, la moto, linang'aa. Lakini alikuwa ameuona ule mkebe, na mtu akishaona hawezi tena kusema hajui. Alinawa mkono. Akamwita Adero, akavuta stuli mbili.

Alimwambia kwamba kuanzia leo hatauliza tena kama iko sawa. Atauliza chakula kinataka nini. Na anayeonja ataonja amekaa, kwa kijiko, mara moja chakula kikikaribia kuiva na mara moja kikiiva, basi. Hakutaka kumrithisha Adero ugonjwa pamoja na sufuria. Adero alikaa kwenye stuli akiwa hana raha, kama mgeni aliyewekwa kiti cha mwenye nyumba. Akaonja.

"Inataka nini?"

"Haitaki kitu, Mami."

"Mama Njogu."

Adero akaonja tena, safari hii amefumba macho yote mawili. "Inataka kitunguu ikaangwe zaidi. Hii iliharakishwa."

Lilikuwa jambo dogo, tena kweli, na lilimuuma Waruguru kama kidole kilichobanwa na mlango. Alikuwa amekaanga vitunguu tangu kabla Adero hajazaliwa. Kesho yake alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia iliyoiva, walipokaa kula akatafuna taratibu, na akalazimika kukiri moyoni kwamba mtoto wa watu alikuwa amesema kweli. Wiki mbili zilizobaki kabla ya Kajiado zilikuwa ngumu kwake kuliko njaa. Kila swali aliloliuliza lilijibiwa. Pilau inataka iliki ipungue. Kabichi inataka itolewe mapema. Mara nyingine alitoka nje akazunguka nyumba kwanza, ndipo akarudi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na Waruguru aligundua kwamba pupa si ya chakula tu. Iko pupa ya kutaka kuwa sahihi, nayo ndiyo inayoshibisha vibaya.

Siku ya Kajiado upepo ulivuma vumbi tangu alfajiri, wakaziba majiko kwa mabati. Akina mama walianza kuwasili na kanga zao za kanisa, wakiimba, huku wakichungulia upande wa moshi, maana habari za Isinya zilikuwa zimetangulia. Wasaidizi walifanya kazi kimya. Nyama ilitiwa chumvi mara moja tu, na Adero ndiye aliyeitia. Mboga za kienyeji alizipika kwa maziwa kama wanavyofanya kwao, zikatulia kwenye moto mdogo. Waruguru alizunguka kutoka sufuria hadi sufuria, mdomo umefungwa, akinusa, akisikiliza mlio wa mchuzi.

Ikabaki njahi, yale maharagwe meusi ya Wakikuyu. Njahi za Waruguru zilikuwa ndizo Waruguru mwenyewe. Alizisaga na ndizi mbivu kwa kipimo ambacho hakumfundisha mtu, na wako watu waliosafiri kutoka Thika kuja kwenye harusi ya mtu wasiyemjua kwa sababu ya njahi hizo. Nusu ya ndizi ilikuwa imeingia na nusu ilikuwa kwenye beseni. Adero alikaa kwenye stuli, akaonja, akashusha kijiko.

"Inataka nini?" Waruguru aliuliza. Aliuliza mbele ya wote, na mwiko uliokuwa ukisonga njahi ukasimama.

Adero alimtazama. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Inataka tuache hapo, Mami. Hiyo ndizi ingine isiingie. Njahi yenyewe haisikiki, unasikia sukari tu."

Hakuna aliyetikisika. Damu ilimpanda Waruguru mpaka masikioni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshachota, na kiganja cha kushoto kimefunguka chenyewe, na tone liko hapo, la njahi zake, alizopika kabla ya huyu mtoto kujua kushika kijiko. Angelionja, angejua. Ndani ya moyo wake alikuwa akimwomba mtu amwambie aonje. Wasaidizi walitazama jicho lake. Nje, akina mama walikuwa wamemaliza sala na kuanza kusogeza viti.

Alijipangusa kiganja kwenye aproni. "Toeni hiyo beseni," alisema. "Pakueni."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya katika sherehe yoyote maishani mwake. Alivua aproni, akachukua sahani, akapanga foleni pamoja na wageni. Akapakuliwa kidogo cha kila kitu, akaenda kukaa katikati ya wanawake waliotoka Kimana, asiowajua, waliokuwa wakizungumza bei ya nyanya. Sahani aliishika kwa mikono yote miwili. Safari hii hakujua zaidi ya mgeni mwingine yeyote.

Alianza na nyama. Chumvi ilikuwa kidogo kuliko ambavyo angetia yeye, akafikiri basi, nimekwisha. Akajikumbusha kungoja. Akatafuna. Ladha ya nyama ikaja taratibu nyuma ya ile chumvi kidogo, kisha ya kitunguu, ndefu, isiyo na haraka. Mboga zilikuwa laini na zenye uchachu kidogo. Alizibakiza njahi mwisho, kwa kuziogopa. Alipozitia mdomoni alizisikia njahi kwanza, nzito, zenye uchungu mdogo uliojificha, na ndizi nyuma yake kama mtu anayeitikia wimbo. Hazikuwa njahi zake. Zilikuwa bora, na kulijua hilo kulimuuma na kumfurahisha kwa pamoja, asiweze kutenganisha kimoja na kingine. Pembeni yake mwanamke mmoja wa Kimana aliinuka kwenda kuongeza, akawauliza wenzake kama awaletee.

Watu walipokuwa wakimalizia, Eunice akashika maikrofoni. Alishukuru Mungu, akashukuru kamati, akaomba wapishi waje mbele wapigiwe makofi. Wasaidizi wakatokeza wakijifuta mikono. Adero alibaki nyuma ya sufuria kubwa, akijifanya ana kitu cha kufunika. Eunice alimtafuta Waruguru kule kwenye moshi, asimwone, mpaka mtu akamnyooshea kidole: yule pale, kwenye viti, na sahani magotini.

"Waruguru," Eunice alisema, na furaha ilimzidi hata akasahau kwamba maikrofoni inasikika mpaka barabarani. "Nimekula chakula chako miaka mingi. Lakini leo, mama, leo umepika."

Makofi yakaanza, na wanawake mia mbili wakageuka kumtazama. Waruguru alikuwa na njahi mdomoni. Hakuzimeza haraka. Alizitafuna mpaka zikaisha, na makofi yakafifia yakingoja, na Eunice akabaki na maikrofoni mkononi. Jina lake lilikuwa limerudi, zima, tena limeng'arishwa. Kulichukua ilikuwa ni kunyamaza tu na kutabasamu.

Akaweka sahani kwenye kiti, akasimama.

"Leo mimi sijapika," alisema, na sauti yake haikuhitaji maikrofoni. "Amepika Adero, yule pale nyuma ya sufuria, bibi ya Muturi wangu. Mimi leo nimekula."